Yi wa Wapi?

Kila siku alipotoka shuleni, Bo-reum alipitia kwanza kibandani kwa babu yake. Kibanda chenyewe kilikuwa ubavuni mwa soko la mji wa Miryang, kati ya muuza dagaa wakavu na fundi wa saa, nacho kilikuwa chembamba hata mteja wa pili alilazimika kusubiri nje. Humo Mzee Yi Gwang-rim alichonga mihuri ya majina, ambayo huko hupigwa mahali pa sahihi. Mtu akitaka kununua nyumba au kuandikisha mtoto wake, alikuja kuchongewa jina lake kwenye kipande cha mti kisichozidi kidole.

Kazi ya Bo-reum ilikuwa kupuliza vumbi la mti na kuujaribu muhuri kwa wino mwekundu. Akimaliza, babu humpa kiazi kitamu cha kuchoma, nusu kwa nusu, ingawa nusu ya mjukuu ilikuwa kubwa siku zote.

"Taratibu," babu alipenda kumwambia. "Kazi hii haina kifutio. Mti ukishakatwa, umekatwa."

Bo-reum aliitikia "ndiyo, babu" huku mdomo umejaa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na maneno aliyoyasikia kila siku yalikuwa yamezoea kumpita.

Mwezi wa nane ulipokaribia mwisho, Mwalimu Maeng aliwapa darasa la tano kazi ya kufanya nyumbani. Kila mwanafunzi achunguze jina la ukoo wake na watu mashuhuri walio nalo, kisha aje kueleza mbele ya wenzake.

"Sisi wengine tutamaliza kwa dakika moja," alisema Dan-bi, ambaye jina lake la ukoo ni Gwak. "Hawa kina Yi watatuchosha. Wako sita humu ndani. Ukirusha jiwe sokoni, likimkosa Kim linampata Yi."

Darasa lilicheka. Bo-reum naye alicheka, lakini moyoni aliazimia kumwonyesha.

Zamu yake ilipofika, hakwenda na karatasi. Alikwenda na pesa alizoazima kwa mama yake, akazipanga mezani moja moja. "Huyu kwenye sarafu ya mia ni amiri wa majini Yi Sun-sin. Huyu wa noti ya elfu moja ni Yi Hwang, mwanachuoni. Wa elfu tano ni Yi I, mwanachuoni pia. Wa elfu kumi ni Mfalme Sejong, naye ni wa ukoo wa Yi. Na huyu mama wa noti kubwa kuliko zote si Yi, lakini amemzaa Yi I. Kwa hiyo mkienda dukani, mnalipa kwa watu wangu."

Wenzake walipiga makofi, hata Mwalimu Maeng akatabasamu. Bo-reum alijisikia mrefu. Laiti angerudi kukaa wakati huo, hadithi hii isingekuwapo.

"Watu wako wote hao?" Dan-bi aliuliza. "Kwani wewe ni Yi wa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kila ukoo una mji ulikoanzia, na Yi wa mji huu si ndugu wa Yi wa mji ule, hata wakiandika jina kwa herufi ile ile. Mfalme alikuwa Yi wa Jeonju. Amiri na yule mwanachuoni wa elfu tano walikuwa Yi wa Deoksu. Bo-reum alijua vizuri kwamba wao ni Yi wa Hapcheon, kwa sababu babu alimfundisha kulitamka hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini Hapcheon haikuwa na mtu hata mmoja pale mezani, na darasa zima lilikuwa likimtazama.

"Wa Deoksu," alisema.

"Hivyo wewe ni wa damu ya amiri?"

"Ndiyo. Babu ana kitabu cha ukoo. Kimeandikwa kwa mkono."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Maeng, naye alifurahi kwelikweli. "Siku ya wazazi tutafanya maonyesho. Mwombe babu yako aje nacho, tukione."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bo-reum ilikuwa na urefu wa majuma mawili.

Kwanza alidhani babu atakataa, na hapo angepata kisingizio. Babu hakukataa. Aliposikia kwamba shule inataka kuona kitabu chao, aliweka chini kisu cha kuchongea, akafuta mikono kwa aproni mara mbili.

"Chetu? Wanataka kuona chetu?" aliuliza. "Basi nitafunga duka siku hiyo." Alikitoa kwenye sanduku kilimokaa, kimefungwa kwa kitambaa cha katani. "Baba yangu alikinakili mwenyewe, karatasi kwa karatasi. Kiweke mbali na maji. Humo mna mtu wangu."

Bo-reum hakuuliza ni mtu gani. Baadaye aliwaza sana juu ya hilo. Kuuliza kungemchukua muda wa kumeza mate tu.

Jumamosi hiyo, wazazi wake wakiwa kazini, alikifungua kitabu mezani. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za kale za Kichina, ambazo watoto wa siku hizi hawazisomi, lakini jina la Hapcheon alilitambua kwenye ukurasa wa kwanza kwa sababu babu alikuwa amemwonyesha. Alikata kipande cha karatasi, akatafuta kwenye simu namna Deoksu inavyoandikwa, akanakili kwa brashi ya babu, kisha akakibandika juu ya Hapcheon kwa gundi. Kipande kilikuwa kirefu kidogo. Kilifunika pia mstari mmoja wa maandishi madogo yaliyokuwa chini yake. Bo-reum aliyatazama, hakuyaelewa, akabonyeza karatasi kwa kiganja mpaka ikashika. Kitabu akakipeleka shuleni mwenyewe, na hakumwachia babu nafasi ya kukifungua.

Siku ya wazazi ilipofika, Mzee Gwang-rim alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia aliyoivaa kwenye harusi. Alikuwa amenyoa ndevu, na shingoni alikuwa na mkato mdogo wa wembe. Alipita kwenye meza za maonyesho akiinama kwa kila mtu, mikono nyuma, naye Bo-reum alihesabu kila hatua aliyopiga kukikaribia kitabu chake.

Kabla hajafika, mzee mwingine alimwahi. Alikuwa babu yake Dan-bi mzaa mama, mtu mnene wa sauti nene, na alikuwa tayari amekiona kitabu kilipowekwa.

"Ndugu yangu," alisema, akaushika mkono wa Mzee Gwang-rim kwa mikono yote miwili. "Mimi ni Yi Jong-muk, Yi wa Deoksu. Sikujua tuna mwenzetu hapa Miryang. Wewe ni wa kizazi cha ngapi? Niambie, nijue kama nikuite baba mdogo au wewe ndiye uniite."

Mzee Gwang-rim aligeukia meza. Macho yake yalikwenda kwenye kitabu. Aliitazama ile karatasi nyeupe, gundi iliyovimba pembeni na herufi za kitoto zilizoegemea upande. Kisha akamtazama mjukuu wake. Mwalimu Maeng alikuwa amesimama karibu akitabasamu, na Dan-bi alikuwa nyuma yake.

Bo-reum angeweza kusema. Nafasi ilikuwapo, pana kama mlango wa ghala. Alitazama viatu vyake.

"Mzee mwenzangu, niwie radhi," alisema babu taratibu. "Sisi ni Yi wa Hapcheon. Si ndugu zako. Kosa ni langu, sikumfundisha mtoto vizuri." Akavua kofia, akainama mbele ya yule mzee, akainama na mbele ya mwalimu, chini sana, mpaka watu wote wakaona utosi wake mweupe usio na nywele.

Bo-reum alikuwa ameona watu wakimwinamia babu kushukuru kwa mihuri yao. Hakuwahi kumwona babu akiinama kuomba radhi, tena kwa uongo ambao si wake. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Babu alikifunga kitabu kwenye kitambaa, akamrudisha mjukuu wake nyumbani. Mlangoni akampa kile kitabu. "Kiweke ndani. Mimi nakwenda kufungua duka," alisema, akaenda zake sokoni.

Angemgombeza, ingekuwa nafuu. Bo-reum alibaki na kitabu mapajani, akilia, akatamani kufuta yote aliyoyafanya kabla babu hajarudi. Akachukua kitambaa chenye maji, akalowesha karatasi yake, akaishika pembeni na kuivuta. Ilitoka. Ilitoka na karatasi ya kale chini yake, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ule mstari wa maandishi madogo ukatoka nayo, ukajikunja na kuwa tope jeusi kati ya vidole vyake. Kwenye ukurasa kulibaki tundu.

Alikimbia sokoni bila kufunga mlango.

"Babu," alisema, "nimekiharibu." Akaweka kitabu juu ya meza ya kuchongea, na kando yake lile donge la karatasi.

Mzee Gwang-rim alivua miwani. Alijaribu kulikunjua donge kwa ncha ya kisu, kwa mkono ule ule uliochonga maelfu ya majina. Donge likazidi kumeguka. Mwishowe akaacha.

"Huyu alikuwa kaka yangu," alisema. "Gwang-pil. Alikuwa na miaka kumi na minane mwaka wa vita, mimi bado nabebwa mgongoni. Aliondoka kwenda vitani amevaa viatu vya baba. Hana kaburi, wala hatukuwahi kumpiga picha. Baba aliandika jina lake hapa na siku aliyoondoka, akaacha nafasi ya kuandika siku ya kurudi."

Bo-reum alikumbuka. Kila mwaka walipokwenda Hapcheon kufyeka nyasi makaburini kabla ya sikukuu ya mavuno, babu alikaa peke yake na kitabu, akipitisha kidole gumba kwenye ukurasa wa kwanza. Yeye alikuwa akifukuza panzi.

"Nichape, babu."

"Nikikuchapa, mwandiko wa baba utarudi?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nayo siku hiyo yalisimama kibandani na sare ya shule. Muuza dagaa alichungulia, akaona nyuso zao, akarudi kwa dagaa wake.

"Keshokutwa nitawaambia darasani," Bo-reum alisema hatimaye. "Nitasema mimi ndiye niliyedanganya, si wewe."

"Hilo ni lako kutengeneza," alijibu babu. "Katengeneze."

Jumatatu alisimama mbele ya wenzake, safari hii bila pesa mezani. Alisema yeye ni Yi wa Hapcheon, na siku zote alijua. Alisema babu yake hakukosea neno, na kwamba aliinama kwa kosa la mjukuu wake. Sauti ilimkatika mara mbili, na Mwalimu Maeng alimsubiri mara zote mbili. Hakuna aliyecheka. Wakati wa chakula Dan-bi alikuja kukaa karibu naye, akamsogezea kipande cha wali uliofungwa kwa mwani.

"Babu yangu alishuku tangu alipoona gundi," alisema. "Lakini alituambia nyumbani kwamba angependa yule mzee wako awe ndugu yake kweli."

Bo-reum alikipokea, akala.

Alasiri zote zilizofuata alijifunza kuandika kwa brashi kibandani. Babu alimwandikia ule mstari uliopotea kwenye gazeti la zamani, naye akaunakili mpaka magazeti yakaisha. Siku walipopanda kwenda Hapcheon na miundu yao, kitabu kilikuwa na karatasi mpya yenye mwandiko wa Bo-reum, imeshonwa kwa uzi kando ya ile yenye tundu. Babu alikataa kuitoa ya zamani.

Walifyeka nyasi kaburini kwa baba yake babu mpaka jasho likawatoka. Kisha Mzee Gwang-rim akakaa, akafungua kitabu, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe mahali kilipozoea. Kikakuta pengo. Kikakaa hapo kitambo. Bo-reum aliona, na alijua kwamba ataona hivyo kila mwaka, babu akiwa hai na hata baadaye.

"Nisamehe, babu."

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini msamaha haushoni karatasi." Babu alivuta pumzi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ulitaka jina lenye sifa, nami siwezi kukulaumu kwa hilo, hata mimi nilipokuwa shuleni nililitaka. Lakini ukijivika ukoo wa mtu, lazima ufunike wa kwako, na hujui umemfunika nani. Yule amiri ana nchi nzima ya kumkumbuka. Gwang-pil alikuwa na mimi tu, na mimi nimezeeka." Akamsogezea kitabu. "Sasa ana wewe. Msome."

Bo-reum akafuta mikono yake kwenye suruali, akashika ukurasa kwa pembe. Akasoma kwa sauti, polepole, asikosee: Yi Gwang-pil, wa Hapcheon. Kisha akasoma siku aliyoondoka, akafika kwenye ile nafasi tupu iliyoachwa kwa siku ya kurudi, akaweka kidole gumba chake hapo.