Pembe ya Kochi

"Kochi halidanganyi," alisema Fundi Sponji, huku akilipiga kofi la mapenzi kochi la mteja. "Nipe lolote. Nalibonyeza kwa kiganja, nakwambia nani hukalia upande upi, kwa muda gani, na ana mzigo gani moyoni. Na nyumbani kwangu ndiyo usiseme. Hakuna kinachotikisika pale nisikijue."

Seremala, jirani yake wa karakana, alikuwa amekuja na kazi yake, anapiga randa mguu wa meza. Alimwambia kwamba kwa ujuzi huo aache makochi, afungue ofisi ya upelelezi. Wakacheka wote wawili.

Tuwaache wacheke kidogo. Kicheko hicho hakikumaliza siku mbili.

Fundi Sponji alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Karakana ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati mlango mmoja wenye pazia. Yeye alichana vitambaa vikuukuu, akabadilisha springi na sponji, akakaza kitambaa kipya kwa stapla. Mkewe alishona foronya za mito kwa cherehani. Mishono yake ilinyooka kama imepigwa rula. Wateja walikuja kwa maneno ya mume, wakarudi kwa mishono ya mke.

Miezi mitano nyuma mkewe alijifungua mtoto wa kike, mtoto wao wa kwanza. Mtoto alinyonya vizuri, akanenepa, akaanza kucheka. Lakini cherehani ilianza kunyamaza. Siku moja mama alishona foronya, upande wa ndani ukatokea nje. Siku nyingine alikaa mbele ya cherehani asubuhi nzima bila kukanyaga pedeli.

Fundi alimtania. "Siku hizi unashona umefumba macho?"

Fundi alifumua mshono mwenyewe, akaurudia huku anapiga mluzi. Alijiambia kwamba ni uchovu wa uzazi. Mama mzazi wa fundi, alipopigiwa simu, alisema kulea ni kazi, atazoea. Basi fundi akangoja mkewe azoee.

Siku ileile ya majigambo, mhudumu wa afya alipita na mkoba wake begani. Alikuwa dada wa mtaa uleule. Ndiye aliyempima mtoto uzito kila mwezi. Safari hii alikuja na fomu. Kituo cha afya kilikuwa kinashiriki utafiti. Watafiti walitaka kujua kina mama wangapi wenye watoto wachanga wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu.

Alieleza kwamba maswali ni tisa tu, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina namba. Sifuri maana yake hapana kabisa. Tatu maana yake karibu kila siku. Jina haliandikwi. Kujibu ni hiari. Lakini anayejibu awe mama mwenyewe.

Fundi alisema mkewe amelala. Mhudumu akaacha fomu ndani ya bahasha. "Mpe mkononi, shemeji. Akitaka tusome pamoja, aningoje. Nitapita kesho."

Fundi aliahidi. Alipochungulia nyuma ya pazia, mkewe hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye pembe ya kochi lao kuukuu, karibu na dirisha, mtoto mapajani. Dirisha lilikuwa wazi, lakini yeye alikuwa anatazama ukuta.

Fundi akaona asimsumbue mtu kwa makaratasi. Nani anamjua zaidi ya mumewe? Alirudi karakana, akachomoa penseli yake nene ya bluu kutoka nyuma ya sikio, akaandika sifuri tisa, moja chini ya nyingine, kama mtu anayepanga mayai. Swali la tisa hakulisoma. Sifuri ya tisa aliipamba kuliko zote. Aliitilia mkia.

Kesho yake mhudumu alifungua bahasha palepale karakana. Akaitazama karatasi. Kisha akautazama ubao ulioegemezwa ukutani, ambapo fundi huandika vipimo vya makochi. 60. 180. 200. Penseli ya bluu, na sifuri zenye mikia.

"Shemeji," aliuliza, "mkeo na ubao huu walisoma shule moja?"

Seremala alipata kikohozi cha ghafla. Fundi akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Mhudumu akavuta kigoda, akakaa. Hakupandisha sauti. Alimweleza fomu zile huenda wapi. Zinakusanywa, zinajumlishwa, na watafiti wanapima ugonjwa uko wapi na msaada upi unaponya watu zaidi. Kwa hesabu hizo wakubwa huamua mshauri wa afya ya akili aje kituoni siku ngapi, na dawa ziletwe kiasi gani. Mwaka uliopita, katika nyumba nyingi za mtaa huo, waume waliwajibia wake zao, na wake wengine walijibu walichodhani kitampendeza mwulizaji. Hesabu ikatoka kwamba mtaa mzima hauna mgonjwa. Ndiyo maana mshauri huja mara moja tu kwa mwezi, na foleni yake hufika getini.

"Sifuri ya uongo haimponyi mtu," alisema. "Inamfuta. Mgonjwa yupo, lakini kwenye hesabu hayupo."

Fundi alijitetea kwamba hakukusudia ubaya. Alidhani ni karatasi tu.

"Swali la tisa ulilisoma?"

Fundi akaivuta karatasi karibu.

"Lisome sasa. Kwa sauti."

Alisoma polepole, kama anayetembea juu ya misumari. Swali lilimwuliza mama kama amewahi kuwaza kwamba ni heri afe, au kwamba ajidhuru. Alipofika mwisho, sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Seremala aliweka randa chini.

Fundi akashikwa na hofu ya namna nyingine. Aliomba swali hilo lirukwe. "Ukimwuliza, si utamtia wazo ambalo hana?"

"Hapana, shemeji. Hilo limechunguzwa mara nyingi. Kumwuliza mtu hakumtii wazo. Kama analo, kunampa nafasi ya kulitua."

Wakaingia nyuma ya pazia. Mama alikuwa palepale, kwenye pembe yake. Mhudumu alimsalimu, akamtania mtoto kidogo, akaeleza fomu upya tangu mwanzo. Alimwambia mama kwamba wanaweza kuzungumza wao wawili tu, fundi akasubiri nje. Mama alimtazama mumewe.

"Akae," alisema. "Asikie."

Maswali yakaanza. Mama alijibu kwa sauti ndogo, lakini hakusita. Usingizi haupati, hata mtoto akilala fofofo. Chakula anakimeza ili maziwa yasikauke. Anajiona mama asiyefaa. Alipoulizwa kama bado anafurahia mambo aliyokuwa akiyapenda, alimtazama mtoto.

"Hata huyu akicheka," alisema, "naona kama anacheka na mtu mwingine."

Fundi alifungua mdomo. Mhudumu alimwinulia kiganja, naye akaufunga.

Likaja la tisa. Mhudumu aliliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia usingizi. Ilisikika midomo ya mtoto anayenyonya kidole.

"Siku nyingi," mama alisema. "Sijafanya kitu. Lakini nawaza kwamba nisipokuwepo, atapatikana mwingine anayeshona vizuri. Na wewe, mume wangu, hutakuwa na kazi ya kufumua."

Fundi alitafuta pa kukaa, akatanguliza mkono kwenye kochi, karibu na mkewe. Kiganja kikazama. Sponji ya pembe ile ilikuwa imekufa kabisa, imebonyea kama bakuli. Pembe nyingine zote zilikuwa nzima. Miezi mitano mtu alikaa hapo, asubuhi hadi jioni, na kochi lilikuwa linasema kila siku. Yeye alibonyeza makochi ya mtaa mzima. La kwake hakuwahi kuligusa. Kinyozi hajinyoi.

"Nisamehe," alisema. Hakupata utani wa kuongeza.

Mhudumu alimwambia kwamba msamaha utapata siku yake. Leo kuna kazi. Alimwuliza mama kama amepanga namna ya kujidhuru. Mama akasema hajapanga. Hata hivyo walikubaliana asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani na nyembe za kufumulia nyuzi ziwekwe mbali. Kisha akawaeleza wote wawili kwamba sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Huwapata kina mama wengi baada ya kujifungua. Si uvivu, si laana, wala si kukosa kumpenda mtoto. Na unatibika. Wengi hupata nafuu kwa mazungumzo ya kila wiki na mtu aliyefunzwa. Wengine huhitaji na dawa, na anayenyonyesha amwambie daktari ili apewe inayofaa.

"Twende lini?" fundi aliuliza.

"Sasa hivi. Jibu kama lile halingoji kesho."

Fundi alifunga karakana saa nne asubuhi, siku ya kazi, jambo ambalo seremala hakuwahi kuliona. Mteja mmoja alikuta mlango una kufuli. Seremala alimwambia fundi amekwenda kurekebisha kochi la kwake.

Sonona haitoki kama mwiba. Daktari alimpima mama, akazungumza naye, akampa dawa. Kila wiki mhudumu, ambaye alikuwa amefunzwa kazi hiyo, alikuja kukaa naye saa nzima. Walizungumza, na mwisho wa mazungumzo mama alijichagulia jambo moja dogo la kufanya. Wiki ya kwanza alitia uzi kwenye sindano, basi. Wiki ya tatu alishona foronya moja. Kuna wiki alirudi nyuma, akalia, akasema haitasaidia. Mhudumu alimwambia kwamba hata hilo limo katika safari, wakaendelea.

Fundi alijifunza kumbembeleza mtoto alfajiri ili mkewe alale. Aliacha utani kabisa. Akawa anatembea ndani kwa kunyata na kuongea kwa kunong'ona, mpaka siku moja mkewe akamwita.

"Baba mtoto, utani urudishe. Nyumba imekuwa kama ina msiba. Ila usiitanie mishono yangu."

Siku hiyo fundi alikwenda kando ya karakana, akajifanya amepata vumbi machoni.

Mwezi wa kwanza jumla ya namba za mama ilikuwa kumi na tisa. Mwezi wa nne ilikuwa sita, na kwenye swali la tisa kulikuwa na sifuri. Mama aliiandika mwenyewe. Na kwa kuwa mhudumu alirudia kuuliza katika nyumba zote ambako waume ndio waliojibu, hesabu ya mtaa ikabadilika. Baada ya miezi kadhaa mshauri alianza kuja kituoni siku mbili kila wiki. Foleni ikarudi ndani ya geti.

Sasa njoo karakana, asubuhi moja mwishoni mwa mwaka. Cherehani inalia nyuma ya pazia. Seremala anapiga randa. Fundi Sponji anamsimulia mteja jinsi mke wake alivyougua, na jinsi yeye mwenyewe, kwa kubonyeza kochi tu, alivyogundua mapema.

"Mapema," alirudia seremala, bila kuinua kichwa.

Kabla fundi hajajibu, mhudumu akaingia na mkoba wake. Mteja akaaga. Mhudumu alisema utafiti sasa unawauliza na kina baba, kwa kuwa imeonekana nao huugua, tena hukaa kimya zaidi. Alimwuliza kama angependa wazungumzie ndani, faragha. Fundi akasema yeye hana la kuficha, aulizwe hapohapo.

"Usingizi?"

"Sifuri."

"Uchovu?"

"Sifuri, dada. Mimi ni chuma."

"Hamu ya—"

"Sifuri."

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza. Mkewe akatoka, mtoto kiunoni.

"Mimi simjibii mtu," alisema. "Tulishafundishwa. Nina swali la kifundi tu." Alisogea mpaka kwenye kochi la mteja lililokuwa karibu na mlango. Lilikuwa na sponji mpya, iliyotiwa wiki iliyopita, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Aliweka kiganja kwenye pembe moja. Kikazama. "Fundi, hebu tuambie. Aliyekaa hapa alikaa kwa muda gani? Na ana mzigo gani moyoni?"

Fundi alilitazama kochi. Shimo lilikuwa pana kama yeye. Wiki nzima, akishamlaza mtoto alfajiri, alikuja kukaa hapo gizani, akirudia kichwani sifuri tisa alizoziandika kwa mkono wake, hasa ile yenye mkia.

Seremala alichukua mguu wake wa meza na randa yake, akatoka nje taratibu. Mke wa fundi alikaa kwenye kochi, akambakishia mumewe nafasi. Baada ya muda fundi naye akakaa.

"Futa zote, dada," alimwambia mhudumu. "Anza la kwanza. Safari hii nitasikiliza swali."