Ghala la Rukia Ndani ya Simu

Kila asubuhi Rukia huosha karoti. Kijito cha bondeni kina maji ya baridi ya kuuma mifupa, lakini yeye huingia hivyo hivyo, akasugua na kusuuza mpaka karoti zing'ae. Kisha hupanda nazo hadi barabarani Lukozi, hukaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akasubiri lori la mboga. Hapo hupata dakika kumi za kupumua. Hukausha mikono kwa khanga na kutoa simu.

Ndani ya simu hiyo ana shamba lake la pili.

Shamba hilo lilitengenezwa na Idrisa, mwanawe wa mwisho. Kijana alisomea kompyuta, akarudi nyumbani na kuunda mchezo wa mtandaoni uitwao Bonde Letu. Kila mchezaji hupewa kipande cha mteremko. Hulima, huvuna magunia, na magunia hayo huyatoa ili ghala lake lipande daraja. Ghala likipanda, anapata mbegu mpya. Wachezaji wote wamo katika bonde moja, wanaonana na kusalimiana. Matangazo mafupi yaliyomo ndani humpatia Idrisa riziki yake, si nyingi, ila ya halali.

Rukia hakuwa mtu wa michezo. Aliupenda huu kwa sababu ulimbakiza mwanawe nyumbani. Kaka wawili wa Idrisa walikwenda Dar es Salaam, nao huonekana Idi kwa Idi. Huyu mmoja bado alikula naye chakula cha mchana, na kwa hilo Rukia alimshukuru Mungu kila siku.

Siku moja wakiwa mezani Idrisa alimwambia, "Mama, mimi nakuangalia wewe. Wewe unacheza kidogo kidogo. Ukiweza wewe, watu wote wataweza."

Rukia alitabasamu, akamwongezea mboga. Ghala lake lilikuwa limeganda daraja la tatu kwa wiki mbili. Daraja la nne lilitaka magunia mia moja, na kwa dakika zake kumi alivuna matano tu kwa siku. Alikuwa amechoka kuliangalia. Lakini mama gani atamwambia mwanawe kwamba kazi yake inachosha?

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alipokuwa akishuka shambani, ambako mtandao haukamati, alimwachia simu Faraji, dereva wa bodaboda wa pale kituoni. Akamwomba amsukumie ghala kidogo. Faraji ni mtu mzima mwenye watoto wawili, naye ana shamba lake humo Bonde Letu, ila ukimpa mchezo husahau hata abiria. Kati ya safari na safari alicheza, na akavuna magunia hamsini kwa siku. Ghala la Rukia likapaa. Likafika daraja la nne, la tano, hata la saba.

Idrisa aliona hayo yote kwenye kompyuta yake na akafurahi kupita kiasi. Kama mama yake anayecheza dakika kumi amefika la saba, alijisemea, basi gharama za kupanda daraja ni ndogo mno. Akazizidisha mara mbili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akina mama waliocheza wakisubiri maziwa yachemke waliondoka. Walimu waliocheza wakati wa mapumziko waliondoka. Ndani ya wiki tatu nusu ya bonde ilikuwa mashamba yenye magugu. Idrisa hakuelewa kosa liko wapi. Akaacha kutania, akawa anabakiza chakula. Mwisho akamwambia mama yake kwamba anajipa mwezi mmoja. Watu wasiporudi, anaufunga mchezo na kuwafuata kaka zake Dar.

Rukia alikwenda kijitoni siku hiyo akalia. Alijua kuna kitu amekiharibu, ila hakujua kinatengenezwaje.

Mungu si Athumani, wiki hiyo hiyo Eliza alikuja likizo. Eliza ni binti wa jirani yao Efrazia, muumini wa Kilutheri ambaye shamba lake limepakana na la Rukia. Binti huyo anafanya kazi na watu wanaotengeneza michezo ya simu. Alikuja kuamkia, "Shikamoo mama," naye Rukia hakungoja hata anywe chai. Alimwomba akae na Idrisa amwangalizie kazi yake.

Wakakaa barazani, Rukia akimenya viazi pembeni na masikio yote yakiwa kwao. Eliza alipitisha kidole kwenye namba za wachezaji, moja moja. Halafu akauliza swali ambalo Idrisa hakuwahi kujiuliza.

"Simu ya mama huwa inashikwa na nani?"

"Na mama mwenyewe," Idrisa akajibu.

"Kwa saa mbili kila siku? Mama huyu huyu wa karoti?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Rukia. Angeweza kunyamaza. Aibu ilimpanda mpaka usoni, lakini alimtazama mwanawe akaona mashavu yalivyokonda.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Siyo mimi. Ni Faraji wa bodaboda. Mimi nilishindwa daraja la nne tangu mwanzo. Nikaogopa kukuvunja moyo."

Idrisa hakukasirika. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema amekuwa akitafuta kosa kwa wiki tatu, kumbe jibu liko jikoni kwao.

Eliza akaanza kueleza taratibu. Alisema mchezo wowote una watu wa aina mbili. Wapo wa kupitisha muda, wanaocheza dakika chache wakaendelea na shughuli zao. Na wapo wachezaji sugu, kama Faraji. Wote ni wageni wako, na gharama ikiwafaa wa aina moja tu, wengine watakuaga.

"Usihesabu magunia," alimwambia Idrisa. "Hesabu siku. Daraja la nne sasa ni magunia mia mbili. Faraji analimaliza kwa siku nne. Mama analimaliza kwa siku ngapi?"

Idrisa alipiga hesabu kichwani. "Siku arobaini."

"Nani atasubiri ghala la kwenye simu siku arobaini?"

Akamshauri ashushe gharama za madaraja ya mwanzo, ili hata mwenye dakika kumi apande kila baada ya siku mbili tatu. Mazao yaendelee kukua mchezaji akiwa hayupo, ili akirudi akute kitu cha kuvuna. Madaraja ya juu yabaki na gharama kubwa, kwa sababu mchezaji sugu akikosa la kumhangaisha huchoka naye.

Idrisa akakiri kwamba alikuwa akifikiria kuuza magunia kwa pesa taslimu. Eliza akatikisa kichwa. Mwenye pesa atawapita wote, na asiye nazo ataona anadharauliwa. Kama ni kuuza, auze mapambo, kama rangi ya mlango au maua ya kibarazani.

"Lakini hao sugu nao nitawapa kazi gani huko juu?" Idrisa akauliza. "Faraji ameshafika mwisho. Ananiambia hana la kufanya."

Aliyejibu ni Rukia, bila kuinua macho kwenye viazi.

"Tukienda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, wenye nguvu tunawapa kipande kirefu. Bibi mwenye mgongo mbovu anapewa hatua tatu. Maji yakija, yanafika kwa wote. Huko kwenye simu hakuna mfereji?"

Vijana wakatazamana. Eliza alisema kwamba hata ofisini kwao hakuna aliyewahi kuwaza hivyo, na Idrisa akaanza kuandika.

Hakufungulia mabadiliko kwa watu wote kwa siku moja. Eliza alimwonya ajaribu kwanza kwa wachezaji ishirini, wa aina zote mbili, na kila mmoja ashike simu yake mwenyewe. Hapo alimtazama Rukia, na Rukia akaficha uso kwa khanga akicheka, akaomba ghala lake lirudishwe daraja la tatu alikoliacha yeye. Walirekebisha mara mbili. Ndipo bonde lote likafunguliwa.

Watu walirudi kidogo kidogo. Akina mama wa maziwa walirudi, na walimu wakarudi. Faraji alipewa mfereji wa kuchimba kutoka juu mlimani, kazi ya wiki nzima, akawa anajisifu kituoni kama amechimba kweli. Mwezi aliojipa Idrisa ulikwisha na begi lake halikufungwa. Siku Eliza aliporudi kazini, Rukia alimpelekea mfuko wa karoti alizoziosha mwenyewe, akamwombea dua ya safari mpaka Efrazia akaitikia amina.

Asubuhi iliyofuata Rukia alikaa juu ya ndoo yake kusubiri lori. Simu ikamwambia kwamba maji yamefika shambani kwake, na kwamba mfereji umechimbwa na Faraji. Karoti za kwenye simu zilikuwa zimekomaa alipokuwa amelala. Alivuna. Alihesabu magunia yake, akabonyeza, na ghala likapanda daraja la nne.

Simu ikaita papo hapo. Alikuwa Idrisa, kutoka nyumbani.

"Mama, naona ghala limepanda. Ni wewe?"

Rukia alimtazama Faraji ng'ambo ya barabara, akimfungia abiria mzigo. Macho yakamlowa.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Safari hii ni mimi mwenyewe. Mchana bandika maji ya ugali, naja tule."