Kiwanja cha Bwana Hamoud

Jioni ile ya mwaka 1961 watu walisongamana kwenye daraja la Nyali, lile la kuelea, kila mmoja akiwahi Kisauni kabla ya mvua. Dhahabu alikuwa katikati yao, khanga begani juu ya gauni la maua ya buluu alilolishona mwenyewe, mkononi furushi la vitambaa vya wateja. Mbele yake alikuwapo kijana mrefu, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, soksi zimepanda hadi magotini, begani kabeba fito tatu za rangi nyekundu na nyeupe. Kijana akageuka kutazama mawingu. Fito nazo zikageuka, zikalipiga furushi la Dhahabu likaanguka topeni.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Hukuniona vipi, na katika watu wote hawa umenipiga mimi tu?"

"Labda fito zimekuona."

Dhahabu alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana alilibeba furushi mpaka Mtopanga, mtaa wa kina Dhahabu huko Kisauni, na njiani akajieleza: jina lake Musyoka, mtu wa Machakos, miezi minne tu Mombasa, karani wa wapima ardhi wa manispaa. Aliposikia neno manispaa, Dhahabu alipunguza mwendo. Siku hizo Kisauni haikuwa na habari nyingine. Manispaa ilitaka kuuvuta mpaka wake utoke kisiwani, uvuke maji, iwachukue na watu wa ng'ambo ya Kisauni. Wachache walisema yatakuja mabomba na taa. Wengi walisema mji hautaki nyumba za makuti, na zisizotakiwa zitabomolewa.

"Kumbe wewe ndiwe unayekuja kutubomolea," alisema Dhahabu.

"Mimi naandika majina tu. Kubomoa kuna watu wake."

Jibu hilo lingetosha kumfukuza msichana mwenye akili, na Dhahabu alikuwa na akili. Lakini Musyoka alikuwa na tabasamu la pole, na moyo ukishapenda huacha kusikiliza.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Dhahabu alishona kwenye baraza ya duka la Yeslam, mzee aliyemjua tangu utoto, na kila siku saa sita mchana simu ya duka ililia.

"Dhahabu!"

"Abee, ami."

"Manispaa yakutaka."

Dhahabu aliingia mbio, sindano ingali kifuani. "Kazi huna, Musyoka?"

"Kazi ninayo. Sauti yako ndiyo sikuwa nayo, mpenzi."

Na Yeslam, aliyedai hasikii vizuri, alicheka peke yake nyuma ya magunia.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao Musyoka alifika Mtopanga na daftari lake. Nyumbani kwa kina Dhahabu alimkuta mama mtu, Florence, mjane wa Kirabai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti, unywe chai."

Alikunywa, akafungua daftari. "Ardhi hii ni ya nani, mama?"

"Ya Bwana Hamoud."

Musyoka aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukakauka. Kisha akapaka chokaa namba hamsini na saba mlangoni, akaenda zake akijiona kijana aliyefanya kazi safi mbele ya mama mkwe.

Baada ya wiki tatu orodha zilibandikwa nje ya ofisi ya mudiri, mkuu wa serikali pale Kisauni. Mwenye pingamizi alete kabla ya Ijumaa saa kumi, na baada ya hapo manispaa itazungumza na wenye nyumba walioandikwa tu. Ilikuwa Jumatano. Dhahabu alifuata mistari kwa kidole hadi hamsini na saba. Mwenye nyumba: Hamoud. Jina la mama yake halikuwapo popote. Nyumba ile baba yake aliikandika kwa mikono yake, akafia ndani yake. Mama Florence aliposikia aliketi kizingitini, akasema wakibomoa, hapana atakayewauliza wao waende wapi.

Siku hiyo simu ilipigwa na Dhahabu. Yeslam alimpisha, akaenda kupanga sabuni zilizokwisha pangwa.

"Mpenzi, leo umenitafuta wewe."

"Usiniite mpenzi. Ulikunywa chai ya mamangu, ukaenda ukaiandika nyumba yake jina la mtu mwengine. Bwana Hamoud amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Mama mwenyewe alisema ardhi ni yake."

"Ardhi. Na nyumba uliuliza?"

Dhahabu alisikia kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Kwenu, mtu akijenga juu ya ardhi, nyumba huwa ya nani?"

"Ya mwenye ardhi. Itakuwaje ya mtu mwingine?"

"Huku huwa. Ardhi ya Bwana Hamoud, nyumba ya mamangu. Twamlipa kodi ya kiwanja, na yeye akija kwetu hupiga hodi kama mgeni. Hata mnazi wa uani una mwenyewe, si sisi wala si yeye. Mtopanga nzima twaishi hivyo, juu ya ardhi yake."

"Mtopanga nzima?" Musyoka aliuliza. "Dhahabu, nimeandika nyumba mia na kumi na mbili. Zote niliuliza swali hilo hilo."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Musyoka aliogopa. Kazi yenyewe alikuwa kwenye majaribio, na kosa la nyumba mia na kumi na mbili halisameheki. Alimweleza mkubwa wake hata hivyo, akaambiwa orodha imekwisha pita, aiache. Angeweza kuiacha. Alhamisi alfajiri alivuka daraja bila ruhusa.

Mchana Dhahabu alimwona akipita, vumbi mpaka magotini. Hakuja barazani. Dhahabu naye hakumwita, ila mshono ulimpotea, akafumua mkono mmoja wa gauni mara tatu.

"Kijana wako apita nyumba kwa nyumba," Yeslam alimwambia. "Auliza ardhi ya nani, kisha auliza nyumba ya nani. Kila mtu atia dole gumba."

"Si kijana wangu, ami."

"Haya. Kijana wa watu, basi."

Ijumaa, saa kumi kasorobo, Dhahabu na mama yake walisimama nje kwa mudiri na nusu ya Mtopanga. Musyoka hakuonekana. Zilipobaki dakika chache alitokea, karatasi kifuani, na pembeni yake Bwana Hamoud mwenyewe, mzee mwenye kanzu nyeupe na fimbo, akitembea kwa haraka asiyoizoea.

"Hizi nyumba si zangu," Hamoud alimwambia karani wa mudiri. "Wallahi sikujenga hata moja. Nipe kalamu."

Karatasi zilipokewa. Dhahabu alipogeuka kumtafuta Musyoka, alikuwa ameondoka.

Siku tisa simu haikulia. Siku ya nne Dhahabu aliipigia ofisi ya Musyoka, akajibiwa kwamba mtu huyo hafanyi kazi pale tena. Basi akajua amempoteza, na aliyemfukuza ni yeye. Alilia usiku, asubuhi akashona.

Jumapili, yeye na mama yake wakitoka kanisani, walisikia nyundo. Kwenye kiwanja kitupu kando ya nyumba yao Musyoka alikuwa amepiga magoti, akipigilia vigingi.

"Wafanya nini hapo?" Dhahabu aliuliza. "Manispaa imekurudisha?"

"Imenifukuza. Nimepata kazi bandarini."

"Na vigingi?"

Musyoka alisimama, akajifuta mikono. "Niulize kama nilivyowauliza watu."

"Ardhi hii ni ya nani?"

"Ya Bwana Hamoud. Nimemwomba kiwanja, kanipa."

"Na nyumba?"

"Ya Dhahabu, mke wangu, akikubali."

Mama Florence alikumbuka ghafla kwamba ana chai motoni, akaingia ndani.

"Na mpaka?" Dhahabu hofu alikuwa nayo bado. "Hakuna ajuaye watakata shauri gani. Wakija kubomoa?"

"Watatukuta wawili. Jibu jingine sina."

Dhahabu alikitazama kigingi kilichokuwa karibu na mguu wake. Aliitoa khanga begani akaifunga kiunoni, akainama na gauni lake la kanisani, akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki kimepinda," alisema. "Piga."