Mtoto wa Kasyoka

Alhamisi hiyo ukumbi wa kanisa ulinuka maziwa yaliyoungua, ingawa jikoni hapakuwa na moto. Hakuna aliyelalamika. Wazee walikuwa wamekaa kwa duara, karatasi mapajani, na mwalimu Carol, binti aliyeanzisha darasa hilo la kuandika kumbukumbu za maisha pale mjini Machakos, akampa Kasyoka nafasi ya kwanza kusoma.

Kasyoka alisoma jinsi baba yake, aliyefanya kazi ya reli, alivyomletea viatu vyekundu visivyomtosha, naye akavivaa hivyo hivyo hadi misani, akichechemea kwa fahari. Watu walicheka. Mutheu, rafiki yake tangu shule ya msingi, alicheka pia. Kisa hicho kilimkumbusha kitu, lakini alipokitafuta kichwani alikuta pametulia tu, kama chumba ambacho wenyewe wamehama.

Jioni, nyumbani Kalama, akamsimulia binti yake Mumbua. Mumbua akaacha kuchambua maharagwe.

"Mwaitu, mama yangu, hivyo viatu ni vyako. Umetuambia hiyo hadithi tangu tukiwa wadogo."

"Vyangu?"

"Babu ndiye alikuletea. Kasyoka hakulelewa hata na baba."

Mutheu alijaribu kuiona sura ya baba yake ameshika viatu. Hakuona kitu.

Darasa lililofuata Kasyoka alisoma kuhusu kijana aliyemchumbia, aliyekuwa akipiga mluzi nyuma ya ua kwa sababu aliogopa mbwa. Mutheu alikuwa ameketi karibu naye. Akachungulia. Karatasi ya Kasyoka ilikuwa nyeupe tupu, na midomo yake ilichelewa kidogo, maneno yakitangulia kutoka, midomo ikiyafuata. Harufu ya maziwa ilikuwa kali hadi macho yakawasha. Baadaye Mumbua alimwambia kwamba aliyepiga mluzi ni marehemu Ndolo, mumewe Mutheu. Mutheu alilia. Kasyoka ndiye aliyemshika mkono siku walipomzika Ndolo, akalala naye chumba kimoja mpaka matanga yakaisha. Mtu kama huyo angemwibia?

Aliamua kumwuliza. Alifika kwa Kasyoka saa sita mchana, jua likiwaka, kuku wakilala kivulini. Kabla hajabisha akasikia Kasyoka akizungumza jikoni, na aliyekuwa akimjibu alikuwa na sauti ya Mutheu mwenyewe.

"Baba nimekupa. Mume nimekupa," ilisema sauti hiyo taratibu. "Umebakisha nini?"

"Nataka yule mtoto wa Mutheu," Kasyoka alinong'ona. "Mimi sikuzaa. Nilikaa kwa hilo darasa na karatasi tupu, wenzangu wakijaza mpaka nyuma. Nipe Mwendwa."

"Nikimtoa huyo, mwenzako hatapona."

Kasyoka akasema, "Mchukue tu. Hatajua. Huyo ananiamini."

Mutheu alirudi nyuma polepole, mkono mdomoni, na alipofika njiani akaketi chini kwenye vumbi.

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini kesho yake yeye na Mumbua walikuwa Katangi, kwa Kamanthe, mganga ambaye watu humtaja kwa sauti ya chini. Kamanthe alimsikiliza akitikisa kibuyu chake cha mbegu.

"Hilo ni jini la kununuliwa," akasema. "Naweza kulitoa. Lakini aliyelileta lazima alikatae kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Akilikataa, vyako vyote vinarudi."

"Atalikataa," Mutheu alisema. "Namjua Kasyoka. Akinitazama machoni atalikataa."

Kutoka siku hiyo alimsimulia Mumbua habari za Mwendwa asubuhi na jioni, asije akapotea: kifungua mimba wake, aliyeugua surua akiwa na miaka minne, Ndolo akambeba mgongoni kuelekea hospitali, naye akauliza kama watanunua mandazi wakirudi. Hawakurudi naye. Hapakuwa na picha yake hata moja. Alikuwa kichwani mwa Mutheu tu.

Alhamisi ilipofika, Kamanthe aliketi kwenye duara kama mgeni wa kawaida. Kasyoka akasimama, akafungua karatasi zake nyeupe, na alipotamka jina la Mwendwa harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa ukumbi mzima, madirisha yakaanza kutetemeka ingawa nje hapakuwa na upepo, kiti kitupu kando yake kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na sauti ikaendelea kusoma surua, na mgongo wa Ndolo, na mandazi, huku Mutheu akihisi kila neno likichomolewa ndani yake kama uzi kwenye nguo, mpaka Kamanthe akaruka katikati ya duara akitikisa kibuyu na kupaza sauti, "Huyo mtoto ni wa nani?"

Sauti ikakatika, Kasyoka akazikumbatia karatasi zake kifuani.

"Kasyoka," Mutheu aliita kwa shida. "Sema, mwiitu wa mwaitu. Nakuomba."

Hivyo ndivyo walivyoitana tangu utotoni, watoto wa mama mmoja. Kasyoka alimtazama. Machozi yalimtoka, midomo ikacheza, na kwa kitambo kidogo madirisha yakatulia, kama jini lenyewe linangoja jibu.

"Ni wangu," Kasyoka alisema. "Mwendwa nilimzaa mimi."

Kibuyu kilipasuka mikononi mwa Kamanthe, mbegu zikatawanyika sakafuni. Harufu ikaisha mara moja. Mganga alichukua leso yake, akatoka bila kuaga.

Mutheu alipangusa jasho. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo. Hakuelewa kwa nini Mumbua alikuwa amepiga magoti mbele yake akilia, wala kwa nini mwalimu Carol alikuwa amejibanza ukutani. Aliyemhurumia ni Kasyoka. Alimwendea, akamkumbatia, akampapasa mgongo.

"Pole sana, mwiitu wa mwaitu," akamwambia. "Miaka hii yote, sikujua uliwahi kufiwa na mtoto."