Karani Aliyeomba Msamaha wa Umri

Jamani, sogeeni karibu, maana habari hii inatugusa sote tunaopenda kuongea.

Nyumba ya Karani haikosi watu. Jumapili ile viti havikutosha: wifi yake kaja na shoga zake, mume wa Karani, dereva mstaafu, anacheza karata na jirani, na mwanawe wa kwanza, fundi simu, kajinyoosha mkekani. Vikombe vinazunguka, umbea umenoga. Ndipo Karani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, karani wa mahakama tangu usichana wake, akasema anataka kuomba nafasi ya kusomea sheria. Akauliza, mnaonaje, nitapata?

Karata zikasimama. Wifi ndiye aliyeanza.

"Wifi yangu, ukija kumaliza si mteja wako ndiye atakayekushika mkono akuvushe barabara?"

Wakacheka mpaka machozi. Basi kila mtu akawa bingwa wa kupima. Mwana akasema vyuo vinataka damu changa. Jirani akasema kuna mtu wa rika hilo alirudishwa mlangoni; jirani alipoulizwa chuo gani, akasema naye kasikia tu. Mumewe hakucheka, wala hakumtetea. Alitazama karata zake. Hilo, wenzangu, ndilo lililomchoma zaidi. Na katika watu wote wale hakuna aliyesema twende tukaulize chuoni kwenyewe.

Tangu hapo Karani akawa mpweke katikati ya watu. Mtihani wa kujiunga aliusomea jikoni, na kila kicheko kilichotoka sebuleni alidhani anachekwa yeye. Akafaulu vizuri. Alitamani kumwambia mtu, akaishia kuliambia sufuria.

Ikabaki barua ya kujieleza, na hapo ndipo alipokosea. Maisha yake yote Karani alikuwa akichapa maombi ya watu waliokwisha kutiwa hatiani, wanaoomba wapunguziwe adhabu: ni mgonjwa, ana watoto, hatarudia. Mkono ukafuata njia uliyoizoea. Akaandika kwamba anakiri umri umekwenda, anajua atamzibia kijana nafasi, anaomba ahurumiwe. Kurasa mbili nzima. Kuhusu kazi yake akaweka mistari mitatu.

Siku ya usaili alikwenda peke yake. Mumewe alisema goti linamsumbua. Mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo, aliisoma barua, akavua miwani.

"Mama, nani amekushtaki?"

Karani hakuelewa.

"Hapa hatuna ukomo wa umri. Tumeshasomesha hata wenye wajukuu. Umefaulu mtihani, lakini katika barua hii umejihukumu kabla yetu. Hebu tuambie, kwa nini tukuchukue wewe?"

Kichwani mwake walipita wajane waliopoteza nyumba kwa kutojua tarehe ya kesi, na vijana waliotia sahihi wasichokisoma. Angeweza kusema mpaka jioni. Lakini kilichomtoka ni kile alichokuwa akikisikia nyumbani.

"Najua nimechelewa."

Wakasubiri. Akarudia hilohilo. Wakamshukuru kwa upole.

Hakuchukuliwa. Nyumbani wifi alimkumbatia, tena kwa upendo wa kweli. Mwana akasema si tulikwambia. Mumewe akampisha kiti chake.

"Umri huo, mke wangu, ungeuficha wapi?"

Karani alitaka kuwaambia kwamba umri wala haukuulizwa. Akawatazama walivyofurahi kwamba amerudi kwao, akaanza kukusanya vikombe. Nyumba ilijaa watu, na hakuwapo wa kumwambia.

FUNZO

Jamani, mtu akituuliza kama ataweza, tusimpimie kwa mdomo jambo tusilolijua. Tumsindikize mpaka mlangoni, wenye mlango wajibu wenyewe. Mzaha wetu tunausahau kabla vikombe havijaoshwa. Mwenzetu anaubeba mpaka mbele ya jopo. Nawe mwenye umri na hamu ya kusoma, usiombe nafasi kama anayeomba msamaha, kwani kuishi miaka mingi si kosa.

Chuo kile hupokea maombi kila mwaka. Ukipita kwa Karani, muulize kama ameandika tena, na umuulize bila kucheka.