Makochi Badala ya Maji

Mkanda wa feni ulipokatika, Bingwa alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha kijiweni, cha mtu anayetaka wenzake wajue kwamba hili nalo ni dogo, akaendelea kukanyaga mafuta huku mshale wa joto ukipanda mbele ya macho yake kana kwamba unamhusu mtu mwingine. Dada yake, aliyebanwa kati ya mlango na begi la nguo za mtoto, aliuona.

"Simamisha gari."

"Dada, hili gari nalijua mimi."

Alilijua vizuri kweli. Muda si mrefu moshi mweupe ulifuka chini ya boneti, injini ikakohoa, ikatoa mlio wa chuma kinachosaga chuma, ikazimika katikati ya uwanda wa chumvi usio na mti wala njia. Barabara kuu iliuzunguka uwanda huo kwa mbali. Bingwa alikuwa amekata katikati ili afike mapema, na hakumwambia mtu yeyote.

Dada yake kijijini walimwita Mama Kinga, na si kwa mapenzi. Alikuwa mhudumu wa afya, na kila majira yalikuwa na wimbo wake. Mvua zikikaribia, aliwafuata watu majumbani kuhusu vyandarua na watoto wanaocheza karibu na mito iliyojaa. Baridi ikiingia, alinusa milangoni kutafuta majiko ya mkaa yaliyowashwa ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kiangazi ilikuwa maji, jua na moto wa mashambani. Alisema kweli siku zote, kwa sauti iliyomfanya mtu atamani kuugua ili tu amkomoe. Aliwaona wote wajinga na hakujisumbua kuwaficha.

Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama katika uwanja wa shule akawaambia: safari ya kiangazi, maji kwanza, mizigo baadaye. Mwambie mtu unapita wapi. Gari likiharibika, kaa na gari. Bingwa, mdogo wake wa tumbo moja, alinyoosha mkono kule nyuma.

"Na kupumua, dada? Tunaruhusiwa, au tusubiri masika?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza tena.

Sasa Mama Kinga alishuka, akaufunga mlango taratibu.

"Maji yako wapi?"

"Yapo," alisema Bingwa.

"Wapi?"

Aliyejibu ni mke wake, kutoka ndani ya gari, mtoto wa miezi minne akiwa kifuani. "Aliyashusha. Kochi la tatu lilikuwa halienei."

Nyuma ya pikapu ilipangwa seti ya makochi mekundu ya mahameli, bado yamefungwa nailoni. Madumu mawili ya maji yalibaki getini walikotoka. Mama Kinga aliyatazama makochi, kisha akamtazama wifi yake. Mwanamke huyo alikuwa msusi, kazi yake ilikuwa vichwani mwa watu, na kwa miaka yote ya ndoa ile Mama Kinga hakuacha kuwaambia majirani kwamba kaka yake alienda kuoa akarudi na kitana.

"Hongereni," alisema. "Tutakunywa mahameli."

Walichokuwa nacho ni dumu dogo lililofika nusu, nyuma ya kiti, na chupa moja ya maji yaliyopata moto. Simu hazikushika mtandao.

Bingwa alifungua boneti, akavua shati, akalizungusha mkononi.

"Usifungue rejeta," alisema Mama Kinga. "Ngoja ipoe."

Aliifungua. Mvuke na maji yanayochemka vilimrukia kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, akapiga yowe lililomwamsha mtoto. Ngozi ilijikunja kama utando juu ya maziwa.

"Maji! Nimwagieni maji!"

Nyumbani Mama Kinga angemshikia mkono ule chini ya maji baridi kwa muda mrefu. Hapa alilipima dumu kwa macho, akamtazama mtoto, akamiminia jeraha kikombe kimoja tu. Kisha akalifunika kwa nepi safi bila kukaza.

"Hakuna dawa ya meno kwenye begi?" Bingwa aliuliza huku meno yakigongana. "Wanasema ukipaka—"

"Paka kwenye meno."

Maji yaliyobaki kwenye rejeta yalikuwa yakichuruzika, ya kijani. Msusi aliwahi kuyakinga kwa beseni la kuogeshea mtoto. Bingwa aliyatazama kwa tamaa.

"Yale tutakunywa."

"Yana dawa ya kupoza injini. Yanaua figo."

"Maji ni maji, dada."

"Kunywa basi. Tutakuzika jua likipungua, sasa hivi ardhi ni ngumu."

Hakunywa. Lakini alikuwa amechoka kuambiwa, na mtu aliyechoka kuambiwa ana ujasiri wa ajabu. Alisema mwanaume hawezi kukaa kivulini kama kuku, kwamba barabara iko pale mbele, kwamba atarudi na trekta. Alichukua chupa, akajifunga shati kichwani.

"Nenda jioni," Mama Kinga alisema. "Jua hili halijui kama wewe ni bingwa."

"Jioni nitakuwa nimeshafika."

Walimwona akitembea juu ya weupe ule mpaka joto likamgawa vipande viwili, kichwa huku, miguu kule, kisha likammeza. Mkewe aliita jina lake mara moja. Hakugeuka. Pengine alidhani anashangiliwa.

Ndani ya gari hakukuwa na hewa, palikuwa tanuri. Wanawake wawili walishusha makochi kwa kuyasukuma hadi yakaanguka, wakayapanga migongo nje, wakafunga turubai juu yake na kuacha pande mbili wazi ili upepo upite. Hawakukaa chini, kwa sababu chumvi ilichoma kupitia viatu. Walikaa juu ya mito mipya, nailoni ikinata mapajani mwao.

"Kochi langu limepata kazi," alisema Msusi.

"Dumu lingefanya kazi zaidi."

"Umeshasema, wifi. Umesema tangu tuondoke."

"Na nitasema tukifika."

Mtoto alianza kulia ule mlio mkavu, wa kukatakata. Msusi alichovya kidole katika kikombe, akakipeleka mdomoni mwa mwanawe. Mama Kinga aliudaka mkono wake.

"Maji hapana. Titi."

"Maziwa yamepungua!"

"Basi kunywa wewe. Ukinywa wewe, amekunywa yeye. Hivi vitu nilivisema pale zahanati, ulikuwa unamsuka nani?"

Alimpa kikombe kizima. Msusi alikunywa, akamweka mtoto titini, na baada ya muda mtoto akanyamaza. Mama Kinga alijimiminia chake, akageuka kando, akakirudisha ndani ya dumu bila kugusa midomo. Hakufanya hivyo kwa upendo. Alimdharau mno wifi yake kiasi kwamba hakuamini angeweza kuvumilia kiu hata kidogo, na alimwona kama ndoo mbovu ya kubebea maziwa ya mtoto wa kaka yake: ndoo mbovu huijazi nusu. Kikombe kilichofuata alifanya vilevile. Na kilichofuata.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande mmoja Mama Kinga aliposimama ghafla, akatoka kivulini.

"Nyie wa nyuma," alisema, "mnacheka nini?"

Msusi aliinua kichwa. Mbele ya wifi yake hapakuwa na mtu, ni weupe tu.

"Mnacheka! Mwaka jana nilizika watoto wawili wa kuhara kwa sababu ya uvivu wenu wa kuchemsha maji. Mko hapo mnacheka. Kaeni chini. Vyandarua mmefugia kuku. Kaeni chini, ng'ombe nyie!"

"Wifi, rudi kivulini."

"Na wewe kitana, nyamaza."

Akaanguka kifudifudi.

Msusi alimlaza mtoto kwenye kochi, akamburuta yule mwanamke mnene kwa makwapa mpaka chini ya turubai. Ngozi ya Mama Kinga ilikuwa ya moto na kavu, bila tone la jasho. Msusi aliinua dumu na kulitikisa. Lilikuwa na maji mengi kuliko alivyotarajia, na uzito huo ulimwambia yote. Alikuwa amekunywa peke yake tangu mchana, na huyu mjuaji alikuwa anamchezea mchezo wa kuigiza.

"Mwongo!" alimpigia kelele usoni. "Mwongo mkubwa! Kila nyumba unawaambia watu wanywe maji, wanywe maji, na wewe mwenyewe unajifanya ngamia!"

Alilia kidogo kwa hasira, halafu akaacha, kwa sababu kulia nako kunamaliza maji. Alimvua Mama Kinga gauni la juu. Alichovya kanga katika beseni la maji ya kijani ya rejeta, ambayo hayakufaa kinywani lakini yaliweza kulowesha nguo na sasa yalikuwa yamepoa, akamfunika nayo shingo, makwapa na kifua. Kisha akachukua kifuniko cha boksi, akampepea. Alipepea mpaka mabega yakawaka moto. Kanga ikikauka aliichovya tena. Alikuwa amesimama kwenye kazi ya kusuka tangu alipokuwa msichana, siku nzima mikono juu bila kushusha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile nayo ni nguvu.

Kuelekea machweo Mama Kinga alifumbua macho. Macho yalizunguka, yakamkuta.

"Unatumia maji ya nini?"

"Ya rejeta."

"Usinitie mdomoni."

"Sikutii mdomoni. Nilikusikiliza siku ile zahanati. Nilikuwa namsuka mtu, sikuwa nimeziba masikio." Akamwinua kichwa, akampa maji ya dumu. "Kunywa. Kidogo kidogo. Ukirudisha safari hii nakupiga."

Mama Kinga alikunywa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtii mke wa kaka yake, na kwa jinsi alivyokunja uso, ungedhani ni mwarobaini.

Usiku ulileta ubaridi na hawakulala sana. Dumu liliisha kabla ya kupambazuka. Asubuhi Msusi alimchungulia mtoto: nepi ilikuwa kavu, na utosi ulikuwa umebonyea kidogo. Alimwonyesha wifi yake. Mama Kinga aliubonyeza kwa ncha ya kidole. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumtukania mtu.

"Tufanye moshi," alisema. "Moshi mweusi. Tairi la akiba liko wapi?"

"Alilishusha pia."

Walitazamana. Kisha Msusi alitazama makochi. Alikuwa ameyaota kwa miaka mingi. Alikuwa amechagua rangi ile mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya mahameli dukani mpaka muuzaji akamkaripia. Alisimama, akashika kochi kubwa la watu watatu kwa miguu yake, akaanza kuliburuta kuelekea mbali na turubai. Mama Kinga alijaribu kuinuka kumsaidia, akashindwa.

"Upande ambao upepo unakwenda," alisema tu. "Sponji ina moshi wa sumu. Usisimame mbele yake."

Msusi alilichana kwa bisibisi, akaitoa sponji nje, akamimina mafuta aliyofyonza kwenye tangi kwa mpira, akawasha. Mahameli yalijikunja. Moshi ulipanda mweusi, mnene, ukasimama wima juu ya ule weupe kama nguzo. Lilipokwisha la kwanza akaburuta la pili. La tatu aliliacha, kwa ajili ya kivuli cha mtoto.

Waliouona ni watu wa lori la chumvi, waliokuwa wakichimba ukingoni mwa uwanda. Dereva wao alifika akiwa na hasira zake.

"Ni mwendawazimu gani anachoma makochi huku?"

"Mimi," alisema Msusi. "Una maji?"

Walikuwa nayo, pipa zima. Alikunywa, akanyonyesha, akanywa tena, na ndipo aliposema mumewe yuko huko mbele, kwenye barabara.

Hakuwa kwenye barabara. Mpakizi mmoja alipanda juu ya lori, akaonyesha kwa kidole. Nyuma ya tuta dogo la chumvi, umbali ambao mtu angeweza kuita akasikika, Bingwa alikuwa amelala upande, viatu amevua, simu mkononi. Alikuwa ametembea jana nzima bila alama ya kufuata, akapiga duara kubwa, akarudi karibu kabisa na alikotoka, akakaa chini kusubiri kifo huku ameligeuzia gari lake mgongo. Alikuwa hai. Mkono ulikuwa umevimba na ulimi haukuenea kinywani.

"Huyu ni wa kwenu?" mpakizi aliuliza.

Wanawake walichelewa kidogo kujibu.

Zahanati ya mji wa karibu iliwalaza wote. Siku ya pili mtoto alikojoa nepi mbili mfululizo, na Mama Kinga, dripu ikiwa mkononi, alimwita muuguzi kutoka wodi nyingine aje kuona. Siku ya tatu ndugu na majirani walifika, wakajaa kitandani kwa Bingwa. Ulimi wake ulikuwa umepona kabisa.

"Nikawaambia, wanawake, kaeni kivulini," alikuwa anasimulia, mkono wenye bendeji ukipaa hewani. "Msitoke. Mimi nitatafuta msaada. Na mkiona kimya, nikawaambia, washeni moto. Wao walikuwa wanalia tu."

Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema kweli, Bingwa ni Bingwa.

Msusi alikuwa mlangoni, mtoto begani. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, kwa utulivu, kama unavyomsikiliza mtu anayeongea usingizini. Kisha akavuka ukumbi, akaingia wodi ya wanawake, akakaa ukingoni mwa kitanda cha wifi yake. Kicheko cha kijiweni kiliwafikia kupitia ukuta.

"Wifi," alisema Msusi, "kile chumba chako cha uani kina mtu?"

Mama Kinga aliendelea kutazama dripu ikidondoka.

"Kina vumbi," alisema.

"Nitafagia."

"Na dirisha haliwekwi pazia zito. Hewa ipite. Mtoto asilale karibu na jiko."

"Najua."

"Unajua nini wewe," alisema Mama Kinga, akasogeza miguu ili mtoto apate pa kulala.