Makofi ya Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni binti yake alipoingia kibandani na fidla mgongoni.

"Baba, Jumamosi nimechaguliwa kuwaeleza watu muziki kabla hatujapiga. Utakuja?"

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Nitakuombea nikiwa hapahapa."

Alikuwa na sababu. Mwaka jana, ukumbini, okestra ya binti yake iliponyamaza, alisimama akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Kumbe muziki haukuwa umeisha. Watu wakamgeukia: "Shii!" Alikaa akitamani ardhi ipasuke immeze. Hakukanyaga tena pale, na roho ilimuuma, maana alimpenda mwanawe kuliko macho yake.

"Basi nisikilize hapa," binti akasema, akakunjua karatasi. "Utunzi huu wa sehemu tatu unadhihirisha upevukaji wa mtunzi katika matumizi ya nyuzi..." Akasoma hadi mwisho. "Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa kwamba umesoma."

Jirani yao, mtangazaji wa redio aliyestaafu, alikuwa benchini, mguu mmoja mtupu, akingoja kiatu chake. Akaangua kicheko.

"Mwanangu, hayo umewaandikia walimu wako. Hebu muulize baba yako anataka kujua nini."

Fundi akaangalia nyundo yake. "Nijue unaishia wapi. Nisiaibike tena."

Binti akaikunja karatasi. Hakuwahi kuambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu baba haji tena.

"Anza na hilo," jirani akasema. "Kisha wape kitu kimoja cha kusikiliza. Kimoja tu! Kipige kidogo, kikirudi watakitambua. Majina na tarehe viandike kwenye karatasi za mlangoni, mwenye hamu atasoma. Na usisome mbele ya watu, simulia."

Binti akatoa fidla, akapiga kipande.

"Rudia hapo," fundi akasema, macho yamemtoka. "Ko-ko, ko! Si ndivyo ninavyopigilia soli?"

Jumamosi fundi alikaa safu ya tatu, viatu vinang'aa. Binti alisimama na fidla yake tu, bila karatasi.

"Karibuni. Muziki huu una sehemu tatu. Katikati tunanyamaza kidogo, tunapumua. Nikishusha upinde wa fidla hadi gotini, tumemaliza. Makofi yakiwatoka mapema, hakuna atakayewafokea." Akapiga: ko-ko, ko. "Hivi ndivyo baba yangu anavyopigilia soli. Mtamsikia humo ndani mara nne."

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Fundi akavimba kifua hadi kifungo cha shati kikalegea.

Sehemu ya kwanza ilipoisha, mzee wa pembeni yake aliinua mikono. Fundi akamnong'oneza kwa upole, "Bado, ndugu yangu. Ko-ko tumezisikia mbili tu."

Ko-ko ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Upinde ukashuka gotini.

Fundi alikuwa wa kwanza kusimama. Alipiga makofi kama mwaka jana, kwa nguvu zake zote, na safari hii ukumbi mzima ukamfuata.

"Huyo ni mwanangu!" akamwambia mzee, machozi yakimtoka. "Na hiyo nyundo ni yangu!"